Chama cha Kuzikana cha Nsambya

Otema alijiunga na chama kile kwa sababu alitaka kuzikwa vizuri. Waliosikia habari hiyo baadaye walicheka, lakini yeye hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, alikuwa akipiga waragi tangu anapoamka mpaka anapozimika, na alikuwa amejitazama kwenye kioo cha kunyolea akaona kwamba Krismasi haitamkuta. Kufa hakukumtisha. Kilichomkera kidogo, katika siku zile ambazo karibu hakuna kilichomkera, ni kwamba angefia kwenye chumba chake cha kota za reli pale Nsambya, halafu asipatikane mtu wa kuusafirisha mwili wake mpaka kwao Gulu.

Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Mabehewa yakifika stesheni ya Kampala, Otema alipita kando yake na nyundo ya mpini mrefu, akagonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia vizuri, sauti ikaenda mbali. Lenye ufa hutoa sauti butu, na behewa hilo haliruhusiwi kuondoka. Kazi yote ni sikio. Otema aliifanya kwa miaka kumi na tisa, na katika mitatu ya mwisho hakuwa akisikia kitu. Aligonga, akapiga chaki, akapita. Kwamba hakuna treni iliyoanguka ilikuwa bahati ya abiria, si ujuzi wake.

Mdogo wake, Ojok, alikuwa askari jeshi. Mwaka wa sabini na moja, baada ya jeshi kuipindua serikali, alichukuliwa kambini pamoja na wenzake wa kaskazini, na habari zake zikaishia hapo. Haikuja barua, halikuonekana kaburi, na mtu wa kuulizwa hakuwepo. Otema hakulia. Alikaa kitandani akingoja kulia, kama mtu anavyongoja chafya, chafya haikuja, akavaa viatu akaenda kilabuni. Mkewe, Laker, alivumilia miaka mitatu, kisha akawachukua watoto akarudi Gulu. Siku hiyo pia Otema alingoja. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na ganzi haiumi, ndiyo maana mtu huizoea upesi.

Basi masika ya mwaka wa sabini na sita, Jumapili moja baada ya saa nane mchana, alifuata kibao alichokuwa amekiona mara nyingi akipita. Kilipigiliwa kwenye mlango wa ghala la zamani, nyuma ya karakana ya maseremala, chini ya kilima cha misheni. Kibao kilisema: CHAMA CHA KUZIKANA, NSAMBYA. Chini yake palikuwa na barua ya chifu wa muluka, yaani mtaa ule, yenye muhuri, ikisema watu hao wana ruhusa ya kukutana. Otema alikuwa amekunywa toti mbili tu, kwa heshima ya shughuli yenyewe. Akabisha, akaingia.

Alikuta watu wanane kwenye mabenchi. Pembeni palikuwa na masepetu, turubai lililokunjwa na sufuria kubwa la msibani, kama chama chochote cha namna hiyo. Aliyesimama mbele alikuwa mzee mwembamba mrefu, futi ya cherehani shingoni. Huyo ndiye Saverio, fundi nguo, Mwacholi wa kaskazini kama yeye, aliyekuwa akishona kaptura za mapolisi. Alikuwa akiita majina, na kila aliyeitwa alisimama akajibu kwa idadi ya siku.

"Erinayo?"

"Niko. Siku mia mbiri na tisa." Huyo alikuwa Mganda mnene wa Mengo, zamani mwalimu.

"Mama Maimunah?"

"Niko. Miaka sita na miezi mbili." Huyo alikuwa mama wa Kinubi, mtandio kichwani, mkubwa kuliko wote mle ndani.

Otema alidhani hizo ni siku ambazo mtu amekwisha kulipia. Alimwonea wivu yule mama. Zamu ilipomfikia akasimama, akashika benchi ili asiyumbe.

"Mimi Otema," alisema. "Mimi bado lipa hata siku moja."

Wakaangua kicheko, mpaka Erinayo akavua miwani kufuta macho. Maimunah peke yake hakucheka. Alikuwa amesikia harufu yake tangu mlangoni.

"Wewe nakuja hapa kuzika nani?" alimuuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Lini?"

"Hapana jua bado. Mbele ya Krismasi."

Kicheko kikakoma. Erinayo akarudisha miwani usoni, akamsogezea kikombe cha chai isiyo na sukari, maana sukari mwaka ule ilikuwa ya wakubwa. "Kalibu, sebo," alisema. "Hata sisi tulikuja hivyo hivyo. Mtu anasema hajui, rakini miguu yake inajua."

Ndipo wakamweleza. Chama kilianzishwa na padre mmoja wa ng'ambo kwa ajili ya watu walioshindwa na pombe, ili wakae pamoja, kila mtu aseme ukweli wake, wasaidiane kupitisha wiki nyingine bila kunywa. Padre alifukuzwa nchini, akapewa siku chache za kufunga mizigo. Waliobaki walijua kwamba watu wanane wakijifungia chumbani wakaambiana siri, mwisho wao ni buti la gari la wapelelezi wa serikali. Saverio akatafakari, akaona mazishi ndiyo kitu pekee ambacho serikali haikibani, tena ilikuwa ikikiongezea kazi. Akaandika barua kwa chifu. Chifu akagonga muhuri bila kuisoma mara mbili. Masepetu yalikuwa ya kweli, na mara nne walikuwa wameyatumia kweli.

Baada ya mkutano Saverio alimvuta Otema kando, akamsemesha kwa Kiacholi.

"Omera, ndugu yangu, tutakupeleka Gulu. Ndani ya sanduku, nakuahidi. Lakini chama hakimziki mgeni. Kanuni inasema mtu awe amehudhuria mwaka mzima."

"Mwaka mzima?"

"Jumapili hamsini na mbili. Ukifa kabla, tutakusikitikia tu."

Otema alifikiri, akaona ni haki. Vyama vingi vilikuwa na kanuni kama hiyo. Aliporudi chumbani akafanya hesabu, akagundua kwamba ili azikwe na watu hawa ilimlazimu kwanza asife. Alikereka. Hata hivyo Jumapili iliyofuata alikwenda.

Kulikuwa na kanuni mbili tu nyingine. Ya kwanza, jina lako likiitwa, taja siku zako bila kudanganya. Ya pili, mtu asipoitika, chai haimiminwi. Wote wanatoka wawili wawili kumtafuta kwenye vilabu, siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Otema aliiona hii ya pili kuwa usumbufu. Mlevi huwa anarudi mwenyewe, kiu yake ikiisha au hela zake zikiisha.

Wiki ya kwanza alitetemeka hata nyundo ikamtoka mkononi. Wiki ya pili aliona panya wasiokuwepo. Sitaki kuyapamba mambo hayo, wala Otema hakuyapamba, akiulizwa alisema tu, "Nilikuwa naumwa." Jumapili ya pili aliitika "siku tatu," na ya tatu "siku kumi," akaketi, asione fahari yoyote. Jumapili ya nne alipita kwenye kilabu kimoja Kibuli kuazima kiberiti. Ndivyo alivyojiambia, kiberiti, na yeye hakuwa mvuta sigara.

Aliposhtuka alikuwa amelala sakafuni juu ya magunia, suruali imelowa, na mbu wa jioni wamekwisha kuanza. Mlangoni alikuwa amesimama Saverio, baiskeli mkononi, jasho linamchuruzika. Otema alifumba macho kungoja kugombezwa. Kugombezwa alikuzoea, Laker alikuwa fundi wake.

"Yupo!" Saverio alimpigia kelele mwenzake aliyebaki barabarani. "Jamani, yupo! Amelewa! Amelewa chakari!"

Akaitupa baiskeli, akapiga magoti kwenye uchafu ule, akamkumbatia. Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka. Wanywaji wakatazamana, mmoja akasema huyu mzee naye kazidi kulewa. Saverio alimbeba Otema kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kiwiliwili kimefungwa na futi ya cherehani ili asianguke, mpaka nyumbani kwake. Mkewe, Concy, alikuwa amekwisha kuandaa ndoo kando ya kitanda, beseni la maji ya moto na shati safi. Alifanya kazi yake bila maneno, kama mtu aliyewahi kuifanya mara mia.

Asubuhi Otema aliuliza. Hakuwa na haya, alitaka tu kujua.

"Jana ulifurahi nini?"

Saverio alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, hakuinua macho. "Mimi najua vilabu saba ambavyo mtu wa Nsambya anaweza kuangukia. Wewe nilikukuta cha saba."

"Sasa?"

"Baada ya cha saba sina mahali pengine pa kutafuta, omera. Mahali pengine wanakopelekwa watu siku hizi, mtu haendi kuuliza."

Otema akasema "Aha," akanywa uji wake. Alielewa maneno. Hayakumgusa popote.

Akaanza upya, siku ya kwanza. Miezi ikapita, mtu asidhani kulikuwa na miujiza. Hakuwa na furaha zaidi, wala huzuni. Alikwenda kazini, akarudi, akapika ugali, Jumapili akaitika. Krismasi ilikuja ikamkuta, akala nyama kwa Saverio, pamoja na Concy na binti yao Aber, akashukuru kwa adabu. Kilichobadilika kilikuwa kimoja: asubuhi moja ya Januari alipita kando ya mabehewa ya mizigo kutoka Tororo, akagonga, na gurudumu la sita likajibu vibaya. Akarudia. Likajibu vibaya tena. Akaweka alama ya chaki, behewa likatolewa kwenye msafara. Msimamizi akalalamika, ikaletwa taa, na ufa ukaonekana, mrefu kama kidole. Otema alimweleza Saverio siku ya Jumapili. Saverio alifurahi kupita kiasi, akawataka wote wapige makofi. Otema aliwatazama wakipiga makofi, akangoja kuona kama atajisikia chochote.

Kisha ukaja Februari wa sabini na saba. Mwezi huo watu wa kaskazini walikuwa wakikamatwa tena, na kuwa na jina la kaskazini kulikuwa sawa na kuwa na deni usilolijua. Kazini walikosekana wanne ndani ya wiki mbili, na hakuna aliyewataja. Wenzao waligawana zamu zao, mambo yakaendelea. Otema alikwenda na kurudi kwa njia ile ile. Watu walimwambia ajifiche, naye akasema ndiyo, asijifiche. Alikuwa amebakiza Jumapili saba atimize mwaka, na Saverio alikuwa akimtania kwamba akishatimiza asije akafa makusudi ili tu ale faida.

Jumapili ya pili ya mwezi ule waliketi kwenye mabenchi, na mwita majina hakuja.

Hawakujua la kufanya, kwa sababu kanuni ya pili haikuwahi kumgusa yeye. Erinayo alisimama, akaita majina kwa kigugumizi, akaliacha la Saverio mwisho. Akaliita. Birika lilikuwa likichemka, hakuna aliyeligusa.

Walikwenda kwanza nyumbani kwake. Concy alikuwa mlangoni, kanga imefungwa kiunoni kwa hasira.

"Ameanguka," alisema hata kabla ya kuulizwa. "Ijumaa alitoka na mzigo wa kaptura, hajarudi. Miaka mitano! Nilijua tu iko siku. Nendeni mkamlete, na mwambieni simgombezi. Mwambieni maji yako motoni."

Nyuma yake Otema aliona ndoo kando ya kitanda, na shati safi juu ya kiti.

Mahali pa kuuliza mtu aliyepotea hapakuwepo. Ukienda kituo cha polisi kuuliza, nawe unaulizwa, na huenda usitoke. Lakini kuulizia mlevi kilabuni hakukuwa kosa; ilikuwa shughuli ya kila siku, na watu hucheka. Erinayo na wengine wakachukua upande wa Katwe na Mengo, ingawa walijua Saverio hakuwa mtu wa huko. Otema na Maimunah wakachukua vile vilabu saba vya Saverio.

Kutembea na Maimunah kilabuni kulikuwa na mambo yake. Kila walipoingia, wenye vilabu walisimama. "Mimi naliuzia hawa watu waragi miaka kumi na nne," alimwambia Otema bila kujitetea. "Nyumbani kwetu mama alipika, bibi alipika. Mimi napika, naonja, napika, naonja. Siku moja naamka, mutoto yangu iko maiti pembeni, na mimi hapana sikia akilia." Alisema hivyo wakivuka reli, akaongeza kwamba mvua inakuja.

Cha kwanza, hayupo. Cha pili, hayupo. Cha tatu walicheka: "Yule fundi mtakatifu? Huku?" Cha nne, safari hii, kilikuwa kile cha Kibuli, magunia yapo pale pale sakafuni, na juu yake alikuwa amelala mtu amejifunika koti usoni. Mrefu, mwembamba. Otema alisikia kitu kikiruka kifuani mwake. Akavuka chumba kwa hatua tatu, akafunua koti. Alikuwa kijana asiyemjua, akakoroma, akageukia ukutani.

Otema alibaki ameshika lile koti. "Mungu," alisema kwa sauti, yeye ambaye hakuwa amemsemesha Mungu miaka sita, "mleweshe. Mleweshe popote alipo. Azimike, ajikojolee, nitamfulia mwenyewe."

"Twende," alisema Maimunah.

Cha tano, mwenye kilabu alimvuta Maimunah nyuma ya pipa akanong'ona. Ijumaa watu wa miwani nyeusi walisimamisha gari lenye namba za UVS, namba za wapelelezi, pale kona, wakachukua wawili. Mmoja alikuwa na furushi. Sura hakuziona, nani angetazama? Maimunah alimwambia Otema yote, neno kwa neno. Mafurushi ni mengi Kampala, wakaambiana, wakaenda cha sita. Hayupo.

Cha saba kilikuwa Bugolobi, karibu na viwanda, na ndani yake walikuwamo wanajeshi watatu. Walikwisha kuonekana, kurudi nyuma kusingefaa. Maimunah aliingia kifua mbele, akawaamkia kwa Kinubi, lugha ya wanajeshi wengi. Mmoja, sajini mwenye jicho jekundu, akamjibu kwa heshima ya mtu na mama yake, kisha akamtazama Otema.

"Na huyu?"

"Huyu mutoto yangu, Sebit. Sisi natafuta mume ya binti yangu, mulevi moja murefu. Nyinyi hapana ona yeye?"

Hawakuwa wamemwona. Otema alikwisha kukagua kila pembe kwa macho. Palikuwa na meza nne, na Saverio hakuwepo hata kwenye moja.

"Sebit," alisema sajini. Akaendelea kwa Kinubi, maneno mengi, akangoja jibu.

"Kinubi hapana jua," alisema Maimunah upesi. "Nalelewa na Waganda. Mujinga."

Sajini akacheka nusu. Akajaza glasi mpaka ukingoni, akaisukuma mbele ya Otema. "Sebit mujinga, kunywa na kaka zako."

Waragi ulikuwa safi, Otema aliujua kwa harufu. Mkono wake ulikwisha kufika kwenye glasi. Kukataa glasi ya sajini mwezi ule kulihitaji sababu, na sababu yake ilikuwa kwenye ghala nyuma ya karakana, pamoja na jina lake la kweli. Tena, tuseme ukweli wote, aliitaka. Vilabu saba vilikuwa vimekwisha. Angekunywa hiyo, na ya pili, na ile ganzi yake ya zamani ingemrudia.

Maimunah aliitwaa glasi ile mkononi mwake.

"Mutoto anakunywa mbele ya mama?" alimfokea. "Adabu iko wapi?" Akaigeukia hadhira, akainua mtandio kidogo, akainywa yote kwa pumzi moja, akaigonga mezani. Wanajeshi wakapiga kelele za shangwe. Sajini alicheka mpaka akakohoa, akawapungia mkono waende.

Walitembea mpaka kwenye miembe ya barabarani ndipo Maimunah akashika mti, akajitia kidole kooni. Ilitoka kidogo tu. Akajifuta kwa mtandio.

"Jumapili ijayo wewe utasikia mimi nasema siku saba," alisema. "Wewe hapana cheka."

"Mama," alisema Otema, akampa bega la kuegemea.

"Usiache mimi peke yangu leo. Mimi naonja ile kitu bado mudomoni. Peleka mimi kwa Concy, mimi nalala huko."

Jua lilikuwa juu ya Mengo walipofika Nsambya. Kwa njia nzima Otema alikuwa akitafuta maneno, na kila alilolipata lilikuwa la uongo. Angeweza kusema wamesikia yuko kilabu fulani cha mbali. Angeweza kusema kesho. Miguu ilimuuma. Akagundua kwamba si miguu tu, kuna mahali pengine panamuuma, ndani, upande wa kushoto, na kwamba pamekuwa pakimuuma tangu Kibuli.

Concy alikuwa ameketi kizingitini, beseni miguuni pake. Aliwatazama, akatazama nyuma yao. Maimunah akampita, akaingia ndani, akaketi. Otema akachuchumaa mbele ya Concy, akamsemesha kwa lugha ya kwao.

"Mama Aber, tumekwenda vilabu vyote."

"Cha Bugolobi je? Zamani alikuwa akipenda kule."

"Tumefika. Ndicho tulichomalizia."

"Mmeangalia uani? Mtu akizidiwa hutupwa uani."

"Nimeangalia uani."

Concy alitia mkono kwenye maji ya beseni, kana kwamba anapima kama bado yana moto. Yalikuwa yamepoa. Otema alimwona akingoja aseme kitu kingine, chochote kile. Kanuni ya chama ilikuwa kutodanganya, na aliyemfundisha kanuni hiyo alikuwa Saverio.

"Hajanywa, mama Aber," alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka, akayaacha.

Concy aliutoa mkono kwenye maji.

"Miaka kumi na miwili ya ulevi wake," alisema, "nilipiga magoti kila usiku nikimwomba Mungu, mtu aje mlangoni kwangu aniambie neno hilo."